Nusu Lita

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Białystok.
Grażyna anakwangua barafu ya kioo kwa kadi ya duka
kwa sababu kikwangulio kilivunjika Novemba
na tangu Novemba hajapata nguvu ya kununua kingine.

Viti sita, mashine sita, na yeye peke yake:
Dorota amehamia Norwei,
Ewelina ana ruhusa ya ugonjwa hadi Pasaka.
Anawapima uzito mmoja mmoja kama vifurushi vya posta.
Bwana Zenon amezidi kilo nne na nusu.
"Ni supu," anasema Zenon. Daima ni supu.

Kidole juu ya mshipa uliovimba mkononi;
ndani yake damu inakoroma kama paka aliyeshiba.
Zamani aliwaita wanafunzi: njooni mguse,
msikie mtu anavyong'ang'ania.
Siku hizi anasema "upo,"
anachoma sindano ya kwanza, ya pili,
anabandika plasta, anasogea.

Damu inatoka, inazunguka, inarudi.
Kengele ya shinikizo. Kengele ya hewa.
Kengele isiyo na sababu.
Nyumbani, mashine ya kufulia ikilia kwamba imemaliza
anaruka kitini kutafuta nani anazimia,
na mumewe siku hizi hacheki tena.

Kiti cha dirishani, Jumatatu, kilikuwa cha Bi Halina.
Jumatano ni cha kijana dereva wa lori
anayeuliza atapona lini.
Katikati hapo Grażyna alibadilisha shuka,
matanga yakawa hayo.
Usiku alijaribu kulia, usingizi ukamwahi.

Na hili hajamwambia mtu:
hanywi maji akiwa zamu.
Akinywa ataenda chooni,
na akienda, nani atabaki na mashine sita?
Mganga hajigangi, sawa,
lakini mkojo wake una rangi ya chai ya mkandaa
na hii ni wodi ya figo.

Zenon ndiye aliyegundua. Mwenye kiu humjua mwenye kiu.
Yeye amepimiwa nusu lita kwa siku,
huibeba katika chupa aliyoichora mistari ya wino:
hapa asubuhi, hapa dawa, hapa usiku.
Akainyoosha kwa mkono usio na sindano.
"Kunywa hadi mstari wa pili. Mimi nilikunywa supu."

Alitaka kusema kanuni haziruhusu.
Alitaka kusema kitu kingine pia,
lakini mashine namba tano ikalia, akaenda.

Aliporudi, chupa ilikuwa juu ya kigari cha dawa,
kifuniko kimekwisha legezwa.
Akaingia nayo stoo, katikati ya maboksi ya mirija,
akanywa funda moja, la pili,
maji ya uvuguvugu yenye ladha ya plastiki na limau.

Kisha akachukua chati ya Zenon,
na penye safu ya vinywaji
akaandika, kwa mwandiko mdogo kuliko wake wa kawaida:
leo amekunywa pungufu.