Mistari ya Mkaa

Vitofali vinavyokunywa maji viliwekwa Julai.
Masika yaliyofuata maji hayakufika kwa Mwavita,
na Injinia Bitegeko akaandika: vinafaa.
Akapiga picha tatu, akarudi zake Mwanga.

Mimi nikabaki Ujiji na ndoo,
na pete ya bati, na saa ya kuhesabia.

Kwanza nililiuliza daftari la mvua la shule.
Mwaka ule mawingu yalitupita yakaenda kunyesha ng'ambo, Kongo;
hata mtaa wa chini, usio na kitofali hata kimoja,
ulikauka ukavu uleule.
Basi nimshukuru nani, kiwanda au wingu?

Mwavita akaniingiza ndani, akaurudishia mlango.
Nyuma yake, ukutani, mistari ya mkaa.
"Huu wa gotini, nilikuwa na mimba ya Sikujua.
Huu wa kiunoni, dagaa wangu waliozea ndani, magunia manane.
Hesabu zenu sizijui. Maji yalipofika napajua."
Kisha, bila kunitazama:
"Na mwezi uleule vijana walizibua mtaro wa pale kwa Kasogota.
Hilo umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika.

Mwaka wa pili nikapiga magoti mahali kumi na pawili.
Zamani ndoo moja ilizama kabla sijafika thelathini.
Sasa, penye udongo mwekundu ulioshuka mlimani,
penye makapi ya mawese na miiba ya migebuka,
nahesabu mia tatu
na maji bado yananitazama.
Mbele ya msikiti tu, anapofagia Bi Hamida kila alfajiri,
chini kungali na kiu.
Saba pameziba. Patano panakunywa.

Mvua kubwa ikaja Machi, usiku,
ya kupiga mabati mpaka mtu hujisikii ukisema.
Nikasimama njia panda, tochi mdomoni.
Mtaa wa chini ulifurika dakika ya kumi na tano.
Wetu, dakika ya arobaini.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Kulipokucha nikakimbilia kipimamvua cha shule:
mbuzi walishakipindua.

Kwa hiyo sijui mvua ile ilikuwa ya kiasi gani.
Sijui kama ni dada yake ile ya kiunoni
au mjukuu wake tu.

Fomu ya Bitegeko ina visanduku viwili.
Nimeandika pembeni, herufi za sisimizi:
vinachelewesha. Kwa mvua ya wastani. Vikifagiliwa.
Mtaro usisahauliwe. Mtaa mmoja si mji.
Amenipigia simu: "Hayo yote yataingia wapi?"

Mwavita amechora mstari mpya, wa kifundoni.
Magunia yake yalikuwa juu ya matofali sita.
Jana nimemkuta akiondoa mawili.
Manne ameyaacha.