Ukurasa wa 212

Nakala ni moja, wasomaji saba.
Imetembea tangu Machi, Rau hadi Kiboriloni,
ikanifikia Julai, mgongo umelegea,
inanuka moshi wa jiko na mafuta ya mgando,
na pembeni hamna tena mahali peupe.

Hadithi yenyewe ni ya Waamishi,
watu wa vigari vya farasi na kofia za majani.
Ghala limeungua usiku, mtu kafia ndani,
na msichana Levina anaitwa kizimbani
kumsema kaka yake.

Nesi Nakiete ameanza, kalamu ya bluu:
"Uk. 31. Aliyeungua hivi hasemi maneno kumi na manane.
Nimeyahesabu. Nimekaa wodi ya majeruhi miaka kumi na mmoja."
Chini yake Mama Ndekirwa, penseli butu:
"Kukosa umeme ndiko kunajaza sura nzima?
Sisi ukikatika tunakamua ng'ombe gizani
na hajaja mtu kutuandika."
Mwalimu Eliawony amesahihisha hadi mikato.
Kiariro wa duka la vipuri kaandika mara moja tu,
uk. 140: "Huyu wakili anampenda. Subirini."
(Hakumpenda. Kiariro amefuta, lakini bado inasomeka.)

Mzee Aminieli, karani mstaafu wa mahakama, wino mwekundu:
"Hakimu kakosea. Asiyeapa huthibitisha, yakaisha.
Nimeshika mafaili miaka thelathini.
Waongo niliwajua kwa viatu:
mdomo kwa hakimu, vidole vya miguu mlangoni."

Kisha ukurasa wa 212.
Levina haiinui mkono. Anasema
ndiyo yake ni ndiyo, siyo yake ni siyo,
na hana kingine cha kuongeza juu.

Hapa wameugombania ukurasa kama ukoko.
"Anaringa."
"Haringi, anaogopa."
"Mwoga angeapa haraka, akaketi."
"Kusamehe kabla ya hukumu ni kuivisha maharage kwa kuyatazama."
"Nani kamsamehe nani? Soma tena, mama."
Mwandiko umepanda, umepinda kona,
umeizingira namba ya ukurasa kama siafu.
Nafasi iliyobaki ni ya vidole viwili.
Ni yangu.

Mimi niliuinua.
Mahakama ya mwanzo, mwaka bei ya kahawa ilipoanguka,
nina miaka kumi na tisa na gauni la kuazima.
Nikasema mpaka wa kihamba unapita chini ya mfereji,
kama nilivyofundishwa jikoni usiku uliotangulia,
baba mdogo akinikaririsha,
nikikosea narudia, nikipatia napewa nyama.
Masale ya mpaka yaling'olewa siku tatu kabla.
Nilishika taa.
Karani aliandika kila neno langu, hakukata hata moja.
Ndiye yeye, Aminieli.
Sijui kama alitazama viatu vyangu.
Vilikuwa vya kuazima pia.

Nimechonga penseli mara mbili.
Nimeandika "Mimi", nimefuta.
Nimeandika "Riwaya nzuri, ila ndefu",
nimefuta hadi karatasi imefanya tundu.

Bado msomaji mmoja kwenye orodha: Ndeshukurwa,
mke wa yule aliyeshindwa kesi.
Tunasalimiana kanisani. Tunauliziana watoto.
Mgomba wake wa mwisho na mgomba wangu wa kwanza
vinagusana majani upepo ukija.

Manyunyu. Mlima haujaonekana tangu Jumapili.
Nimekata isale moja nyuma ya banda,
nimelipangusa umande kwa kanga,
nimelifunga fundo, kama mababu walivyofunga walipokosa,
nimelilaza pale kwenye tundu.
Kitabu nimekizungushia gazeti na kamba ya mgomba.

Mpelekee, nimemwambia mjukuu, pitia juu ya mfereji.
Akiuliza, sema ni alamisho.
Asipouliza,
usisimame pale. Rudi upesi uniambie
amelishika kwa mkono gani.