Kusimama Upande

Uwanja wa nyuma ya kituo, Masasi, saa mbili asubuhi,
jua limeshapanda juu ya majabali,
nasi askari kumi na wanne, buti zimepigwa kiwi,
tunafundishwa kubisha hodi.

Daktari Somoe Likwata wa mifugo hana kirungu.
Ana gari la serikali lisilowaka bila kusukumwa
na mbwa mmoja wa rangi ya vumbi
ambaye hadi juzi alikuwa akiokota makombo kwa muuza chipsi.
"Huyu ndiye mkufunzi," anasema. "Mimi mkalimani wake."
Tukacheka. Mbwa akapiga miayo.

"Tikisa geti. Ita jina la mwenye nyumba. Ngoja.
Mbwa ndiye anayeitika hodi yako kabla ya mwenyewe.
Hajakutukana. Yuko zamu,
na zamu mnaijua, hata msiojua mengine."

Usimkazie macho.
Usigeuze mgongo ukakimbia: kinachokimbia ni nyama.
Simama upande, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ujia,
mikono chini, imetulia.
Akikujia kweli, mpe cha kung'ata ambacho si wewe:
kofia, faili, baiskeli katikati yenu.
Mkia ukitikisika usidhani ni salamu, tazama na masikio.
Na mnyororo upime kwa macho
kabla hujaupima kwa shavu la mguu.

Nampoto akanyoosha mkono.
"Daktari, mimi nimelelewa kwamba mate yake ni najisi.
Naosha mara saba, mojawapo kwa udongo."
"Osha," akajibu Somoe. "Maji yapo, udongo tele.
Hakuna aliyekwambia umbusu.
Mara saba ni ya mate.
Damu yake je, unaosha mara ngapi?"

Hakuwa akinitazama mimi.
Hakujua kuwa nipo.

Msimu wa korosho, mwaka juzi, Chiungutwa,
hewa nzima inanuka mabibo yaliyochacha,
tulikwenda kupekua korosho za kangomba.
Sikubisha. Nilidhani sare ndiyo hodi.
Akachomoka chini ya uchaga, rangi sikuiona,
niliona meno.
Risasi moja, muda wa kupiga chafya.
Na nyuma yake, akiruka kizingiti, Bwana Nandule,
kamba mkononi, kitanzi tayari.

Alikuwa anakuja kumfunga.

"Anaitwa Tutaonana," aliniambia,
kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni.
Korosho za kangomba hatukuzikuta.
Kwenye ripoti niliandika: *mnyama mkali, amedhibitiwa,*
na mkuu wangu akagonga muhuri.

Zamu yangu ilipofika uwanjani
magoti yalikuwa na mazungumzo yao.
Nikageuza bega. Nikashusha mikono.
Yule wa rangi ya vumbi akanusa buti, akanusa suruali,
akakaa sana kwenye kiganja cha kulia,
sijui alisoma nini pale,
kisha akaenda zake, akainua mguu
kwenye gurudumu la gari la serikali.
"Umefaulu," akasema Somoe, akaandika.

Alhamisi nikapewa barua ya mahakama:
shahidi, Nandule, Chiungutwa.
Ningeweza kumpa Nampoto. Sikumpa.

Nikaegesha pikipiki mbali, nikaja kwa miguu.
Uzio wa fito. Nikautikisa.
"Hodi hapa! Bwana Nandule!"
Nikangoja kama nilivyofundishwa.
Kuku wawili. Sufuria imefunikwa.
Gunia la korosho ukutani, mdomo umefungwa kwa kamba,
naijua ile kamba, naijua na fundo lake.

Nikaita tena.
Kimya kikaitika.

Akatoka akifuta mikono kwenye shati,
akanitazama nilivyosimama, bega moja mbele,
vidole vimelala, macho yangu ardhini.
Akanitazama muda mrefu.

"Mbona umesimama upande, Afande?
Hapa hakuna mbwa."