Mgeni wa Fundi Faki

Konde, kona ya mtaa,
kiooni ninakaa
asubuhi hadi taa:
mimi ni muuza dawa.

Wenye homa huyanena,
wa meno hulia sana;
wa choo hawana jina,
huzunguka kama njiwa.

Huyu “tumbo limekwama,”
yule “gari limezama,”
na mwengine huinama,
huchora, nikaelewa.

Jumanne alasiri
Faki, fundi mashuhuri
wa kanzu zilizo nzuri,
alikuja, akapewa

panadoli. Hakutoka.
Futi yake aishika,
akaikunja, kaweka,
kama aliyeibiwa.

Watu walipopotea,
feni ikituchekea,
kaunta kaegemea
kwa sauti ya kufiwa:

“Nyumbani nina mgeni.
Siku nne msalani
hukaa hadi adhani,
arudi, hakujaliwa.”

Nikahoji kwa adabu:
“Atapika? Ana tabu
ya homa, damu, ghadhabu
ya tumbo lililojawa?”

“La! La! Hana yote hayo.
Mihogo na chai ndiyo…
kutwa cherehani hiyo
nasho— la, anashonewa.”

“Ana mimba?” Kashituka.
“Ana ndevu!” kaitika.
“Dawa nyengine ashika?
Ya presha? Ya kupumuwa?”

“Hana.” Basi, kipakiti
nikashusha, na kwa kiti
nikamvuta: “Si manati,
haisukumi kwa pawa.

Huvuta maji yenyewe,
choo kigumu kilowe,
kiache kuwa ni jiwe,
kitoke kikiwa sawa.

Bali maji na yawepo:
bilauri nzima, papo
anapomeza; na hapo
si chai wala kahawa.

Kimoja usiku, basi.
Asiwe na wasiwasi,
asizidishe kwa kasi
eti kwamba kachelewa.

Siku moja, mbili, tatu,
haina haraka katu;
zikizidi saba, mtu
si wa dukani kupewa.

Na damu akiiona,
au tumbo kubanana
asingoje tena, bwana:
Micheweni kutibiwa.”

Akatia kofiani
kile kipakiti, chini
atazama, na njiani
akapita kama mwiwa.

Kesho alfajiri kaja
kwa hasira na vioja:
“Mgeni bado angoja!
Pesa zangu nimeliwa!

Bi Raya, jirani yangu,
ana sanamaki chungu
na mafuta ya kizungu,
niyachanganye na dawa.”

Nikamshika mkono:
“Mafuta hayo na hino
hayapatani. Maneno
humu ndani yametiwa.

Na sanamaki kwa pupa,
tumbo litakuja tapa,
aharishe hadi kapa,
kanzu zende kufuliwa.

Kanywa maji?” Akanuna.
“Kidogo. Kazi, waona,
choo ki mbali, mchana
nitache— atachelewa.”

“Mpe na papai bivu,
atembee, si uvivu,
asisukume kwa nguvu:
bawasiri huzaliwa.”

Akaenda. Alhamisi
sikumwona. Wasiwasi
ukanipata, kiasi
cha usingizi kuliwa.

Hapo nikamkumbuka
mama, mvua za masika:
haya ikamfunika
hata akapasuliwa.

Si maradhi, ni aibu
iliyomtia tabu;
kijiwe cha taratibu
kikakuwa, kikakuwa.

Ijumaa, kishasali,
kaja mwepesi wa hali,
hatua za mwana mwali
siku anapoolewa.

Watu wamejaa duka;
hakunong’ona, kacheka:
“Mgeni ameondoka!
Hata jembe hakupewa!”

Wakamtakia kheri
mgeni kwenye safari;
wasijue hiyo siri,
wapi alikopokewa.

Ila Bi Zuwena, kando,
mdomo ndani ya pindo,
akasema, si kishindo:
“Nami nimetembelewa.”