Mabehewa Thelathini na Manne

Babu yangu alichimba handaki la tisa,
lile refu, linalodondosha maji hata kiangazi.
Aliahidiwa honi ya treni kabla ya mavuno ya tatu.
Mavuno yakaja. Vita vikaja. Fedha zikakauka.
Treni haikuja.

Ndiyo maana sisi wa Fuente Zorzal tuna stesheni
ambayo haijawahi kumchelewesha msafiri.
Tuna madaraja manne, mahandaki kumi na moja,
na hakuna hata kipande cha chuma:
walioleta kokoto hawakuwahi kuleta reli.

Mimi Obdulia nauza kahawa dirisha la tiketi.
Naziba pancha pia, bei ni mapatano;
mwenye baiskeli ya kaboni analipa zaidi,
na asinune.

Hapa hapana mlima wa kuua mtu.
Wahandisi waliilainishia treni nzito njia hii,
upole wake tukaurithi sisi wa magoti mabovu:
Remigia na fimbo zake mbili,
pacha wa mwokaji na viatu vyao vya magurudumu,
bibi harusi mmoja, mwaka juzi, gauni limekunjwa kiunoni,
akiendesha kwenda kanisani kijiji cha pili,
na Leocadio na kondoo wake mia mbili,
ambaye mkikutana darajani
hasemi "samahani," anasema "ngoja,"
nawe unangoja, umezama kwenye sufu hadi mapajani,
kengele zikikupita moja moja.

Ukilitangulia jua
utamkuta kalunguyeye akivuka
kama karani aliyechelewa kazini,
na sungura wamekaa katikati ya njia wakidai nauli.
Juu ya mwamba mwekundu tumbusi wanaanika mbawa.
Ginés anawahesabu tangu mkewe afariki.
Jana mia na nane. Leo mia na saba.
Hatuli vizuri mpaka yule mmoja arudi.

Nguzo ya ishara, iliyokosa kazi tangu kuzaliwa,
korongo wameipa kazi.
Hutua Februari kutoka Afrika, wamekonda,
hupanga vijiti, hugonganisha midomo ta-ta-ta-ta,
mlio pekee wa mashine tuliowahi kuupata.

Mpaka Oktoba iliyopita.

Usiku wa mwezi mpevu, mwalimu Nieves
aliwapanga watoto thelathini na wanne mdomoni mwa handaki,
upande wa pili, tusikoweza kuwaona,
kila mmoja ameshika shati la aliye mbele,
wa kwanza kafunga tochi kwenye paji la uso.
Hakuwaambia watoe sauti. Walianza wenyewe:
chuku-chuku, chuku-chuku,
na handaki la babu, lililofumba mdomo miaka tisini,
likaitikia.

Sisi tulikuwa jukwaani na supu ya vitunguu saumu.
Mzee Evaristo, ambaye macho yake yamezimika,
aliyekuwa na miaka sita akiwapelekea wachimbaji maji,
aliweka bakuli chini.
Akasimama.
Akavua kofia.

"Ina mabehewa mangapi?"

Sikumdanganya. Thelathini na manne, nikasema.

"Ndefu," akasema, akajifunga kifungo cha shingoni.

Popo walitoka kwanza, kama moshi.
Kisha mwanga. Kisha Amparito mwenye pengo la meno
akijitahidi kupiga mluzi, na mluzi ukigoma,
ukatoka upepo tu na mate kidogo.
Hakuna aliyecheka. Remigia alikuwa analia
na kusingizia vitunguu.

Evaristo akapapasa mfukoni, akanipa sarafu
ambayo hakuna duka linaloipokea tena.
"Ya kwenda," akasema.
Nikashindwa kuinyoosha mkono kuipokea.
"Na kurudi, Obdulia! Supu yangu itapoa."

Nikamkatia risiti ya kahawa.
Mtoto wa mwisho alipopita
nikamshikisha Mzee ncha ya shati lake,
wakazunguka stesheni taratibu, wakaelekea darajani,
behewa la thelathini na tano likivuta mguu wa kushoto,
na Leocadio, kule mbele, gizani,
akiwaambia kondoo wake:
ngojeni.