Kilo Moja na Robo

Jumamosi, kabla mizani haijanuka dagaa,
Limi humpandisha Chapuo juu ya sahani ya bati.
Kilo moja na robo. Anaandika
nyuma ya daftari la madeni,
chini ya jina la Masalu asiyelipa.

Wiki ya kwanza alimpa maziwa ya ng'ombe.
Usiku kucha akadeki.
Asubuhi daktari wa mifugo kule Mabatini
akamfunua fizi kwa kidole gumba:
"Zimepauka. Minyoo hii, mama.
Tumbo hili la ngoma si shibe."

Basi nusu kidonge, ndani ya tonge.
Basi furu wa kuchemsha, asiye na chumvi,
miiba ikichambuliwa mmoja mmoja
kwa vidole vilivyozoea kufunga magunia.
Ini kidogo siku ya gulio. Boga.
Kitunguu, hapana. Mfupa wa kuku, hapana,
hata akitazama vile.

Majirani wa Kirumba wanacheka:
mbwa anapikiwa, sisi tunatafuna mihogo!
Limi hajibu. Anapuliza sufuria ipoe.
Wanawe wanne walipimwa kliniki
mgongoni mwa bibi yao,
yeye akiwa mwaloni, akipima dagaa wa watu.

Jumamosi hii, kilo mbili kasoro.
Mteja mgeni, mwenye haraka, anauliza:
"Na huyo, bei gani?"
Chapuo anapiga chafya,
mshale unaruka, unarudi.
Limi anaficha daftari ndani ya khanga.
Sindano ya kichaa cha mbwa ni mwezi ujao,
tarehe nane. Ameizungushia wino mwekundu.