Safu ya Nane

Rejesta ya wagonjwa wa nje, kituo cha afya Manyovu,
ina safu kumi na mbili.
Ya kwanza tarehe, ya pili namba, ya tatu jina,
hadi ya nane: Uraia.
Miaka kumi na mmoja nimeandika "Mtanzania" mstari wa juu,
na chini yake alama ya vilevile,
vijistari viwili vinavyoshuka ukurasa mzima
kama nyayo za kuku vumbini.

Juma lililopita ulikuja waraka.
Una muhuri, una kumbukumbu namba, una neno "kuanzia sasa".
Asiye raia atalipa mara tatu,
kabla ya kipimo, kabla ya kumwona tabibu.
Mfawidhi ameubandika kwa plasta ya vidonda
juu ya bango la kunyonyesha.

Leo, saa tatu kasoro, mwanamke ameegemea dirisha langu.
Miguu ina udongo wa njia ya migombani;
geti la mpaka halijafunguliwa
na homa haikusubiri.
"Jina?"
"Butoyi."
Hapo Muha hahitaji kamusi.
Butoyi ni pacha wa nyuma.
Nikauliza, nje ya fomu kabisa:
"Bukuru wako yuko wapi?"
Akanyoosha kidevu upande wa Kasulu.
"Aliolewa huku. Ana kitambulisho. Ana na bima."

Tumbo moja, siku moja, wembe mmoja wa kitovu,
na leo malaria ya huyu ni elfu kumi na mbili,
ya yule ni elfu nne.
Mbu aliyewauma, waraka haumtaji.

Sisemi serikali imekosea. Mimi ndiye ninayehesabu vidonge.
Dawa za watu mia huletwa kwa watu mia.
Mwezi Machi zilikwisha tarehe kumi na nane,
na mzee Gwasa wa Mnanila, raia wa kuzaliwa,
akarudi nyumbani na karatasi mkononi.
Tulimzika Jumapili.
Nilikuwepo. Nilibeba shada.

Lakini ndani ya kopo la biskuti
mama ameitunza kadi yangu ya kliniki.
Imeandikwa Kifaransa.
Mwaka ule mvua ilibeba daraja la njia ya Kasulu,
uchungu ukamkuta, wakamlaza kwenye machela ya mianzi,
wakateremka naye ng'ambo, kwa watawa.
Kilo mbili na nusu, mtawa aliandika,
kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa haraka.
Safu ya nane haimo.
Nimeitafuta. Nimeigeuza kadi. Nyuma kuna doa la chai tu.

Butoyi anatetemeka, meno yanagongana
kama mahindi yanayopetwa.
Foleni inakohoa nyuma yake.
Karani wa fedha ananichungulia kupitia mlango ulio wazi.

Naandika tarehe. Namba. Jina.
Umri anasema "mwaka ule wa mihogo kuoza", nakadiria.
Kijiji ananitajia kilima,
nami kilima hicho nakijua,
nikisimama juu ya kiti hiki nakiona, na moshi wake.

Safu ya nane.
Mkono umezoea: unavuta kijistari kimoja,
unasita.
Kimoja hakina maana yoyote.
Nusu ya vilevile.

"Dada," anasema, "nikae au niondoke?"

Huko chini mlingoti wa mpaka unainuliwa.
Saa tatu kamili.